Mkandarasi wa zege anayetaka kugombea Baraza la Wawakilishi la Texas

Swali: Nilizaliwa Tanga, ninaishi Arlington, Texas, na ni raia wa Marekani kwa miaka kadhaa sasa. Nina kampuni ya ujenzi iliyosajiliwa kama kampuni ya hisa. Tunamwaga zege la barabara, njia za waenda kwa miguu na mifereji. Karibu nusu ya kazi zetu ni za serikali: nyingine tunapewa na kaunti moja kwa moja, na nyingine tunazifanya kama mkandarasi mdogo katika miradi ya barabara za jimbo. Wenzangu wananihimiza nigombee Baraza la Wawakilishi la Texas. Je, naweza kugombea bila kuifunga kampuni? Rafiki mmoja ananishauri niiandikishe kwa jina la mke wangu kabla ya kuchukua fomu.

Jibu: Ndugu msomaji, kampuni haikuzuii kugombea, na hakuna anayekutaka uifunge. Kitakachokusumbua, tena baada ya kushinda na si kabla, ni ile nusu ya kazi zinazotoka serikalini, na ushauri wa rafiki yako hautaiondoa shida hiyo hata kidogo. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye sifa za mgombea, kisha nikae kwenye mikataba, kwa kuwa hapo ndipo mkandarasi hutofautiana na mwalimu au mfamasia anayegombea kiti hichohicho.

Katiba ya Texas inamtaka mgombea wa Baraza la Wawakilishi awe raia wa Marekani, mpiga kura halali, mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, aliyeishi ndani ya jimbo kwa miaka miwili kabla ya uchaguzi na ndani ya wilaya yake ya uchaguzi kwa mwaka mmoja wa mwisho. Haibagui raia wa kuzaliwa na raia wa kuandikishwa. Ada ya fomu ni dola 750, au unaweza kukusanya saini badala yake, na dirisha la kuchukua na kurudisha fomu za vyama hufungwa Jumatatu ya pili ya Desemba ya mwaka usiogawanyika kwa mbili, miezi mitatu tu kabla ya kura za mchujo za Machi. Ukihama nyumba kutoka wilaya moja ya uchaguzi hadi nyingine katika kipindi hicho, hata kama ni mtaa wa pili tu, unaweza kujikuta umepoteza sifa ya ukaazi, kwa hiyo itazame ramani kabla ya kusaini mkataba wowote wa nyumba.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Katiba inayotumika Texas ni ile ya mwaka 1876, iliyoandikwa na watu waliokuwa na mashaka makubwa na serikali yao wenyewe, na katika ibara yake ya tatu, kifungu cha 18, imeandikwa kwamba mbunge wa jimbo hatakuwa na maslahi, ya moja kwa moja au yasiyo ya moja kwa moja, katika mkataba wowote na jimbo au na kaunti yoyote ya jimbo hilo, ulioidhinishwa na sheria iliyopitishwa katika muhula aliochaguliwa. Usomaji wa haraka unaweza kukufariji: utajiambia kwamba hakuna sheria itakayopitishwa kwa ajili ya kampuni yako, na kwamba mifereji ya kaunti haihitaji muswada. Lakini Mwanasheria Mkuu wa Texas, katika maoni ya kisheria yaliyotolewa kwa miongo mingi, amekisoma kifungu hicho kuwa kinagusa pia mkataba unaolipwa kwa fedha zilizotengwa na sheria ya bajeti. Kila Bunge la Texas hupitisha sheria ya bajeti. Maana yake ni kwamba mkataba wa barabara unaolipwa na jimbo, ukisainiwa chini ya bajeti uliyoipitisha wewe na wenzako, unaweza kutangazwa kuwa batili, na kampuni iliyokwisha kumwaga zege ikabaki inahangaika kudai malipo ya mkataba ambao sheria inasema haukuwahi kuwapo. Angalia pia kwamba kifungu hakisemi mbunge akae kando wakati wa kura ili awe salama. Ukae kando, upige kura ya hapana au usiwepo kabisa siku hiyo, hali ni ileile.

Kalenda ya fedha inakupa nafasi ndogo ya kujipanga. Bajeti ya Texas ni ya miaka miwili na huanza tarehe 1 Septemba ya mwaka usiogawanyika kwa mbili, ilhali mbunge mpya huapishwa Januari ya mwaka huohuo. Katika miezi minane ya mwanzo, kazi zinazoendelea hulipwa kwa bajeti ya Bunge lililopita, ambalo wewe hukuwamo. Mkataba uliosainiwa zamani, kwa idhini ya zamani na kwa fedha za zamani, kwa maandishi ya kifungu hicho haukugusi. Hatari huanza pale mkataba huo unapoongezwa muda, unapoongezewa kazi, au malipo yake yanapovuka Septemba na kuingia kwenye bajeti mpya. Ninyi wakandarasi mnajua kuliko mimi kwamba ni nadra mradi wa barabara kumalizika bila nyongeza ya kazi.

Kuhusu kazi za ukandarasi mdogo, wengi hujipa moyo kwamba wao wamesaini na mkandarasi mkuu, si na jimbo. Maneno "yasiyo ya moja kwa moja" yaliwekwa kwa ajili ya hali kama hiyo, na mimi nisingemshauri mtu yeyote aweke kiti chake na mapato ya mwaka mzima juu ya tafsiri nyembamba ya maneno hayo. Kifungu kinataja jimbo na kaunti, hakitaji miji wala wilaya za shule, kwa hiyo kazi za manispaa na za shule zina unafuu zaidi. Hata hivyo mkataba wa mji unaobeba fedha zilizotoka moja kwa moja katika bajeti ya jimbo unahitaji kusomwa na wakili kabla hujausaini.

Nirudi kwa mkeo. Texas ni moja ya majimbo tisa ya Marekani yanayofuata utaratibu wa mali ya pamoja ya wanandoa. Kilichochumwa katika ndoa ni cha wawili hata kama hati ina jina moja, na Texas inakwenda mbali zaidi ya majimbo mengi kati ya hayo: hata mapato yanayotokana na mali binafsi ya mmoja huhesabiwa kuwa ya wote wawili, isipokuwa wawe wameandikiana makubaliano mengine. Ukibadilisha jina tu kwenye hisa leo, faida ya kampuni inaweza kuendelea kuhesabiwa kuwa mali yenu ya pamoja, na maslahi yako yakabaki palepale. Mngeweza kuandikiana makubaliano ya kutenganisha mali na mapato yake, sheria inaruhusu, lakini mbele ya wapiga kura karatasi hiyo iliyosainiwa wiki chache kabla ya kuchukua fomu itasomeka kama hila, na mahakamani itaulizwa maswali mengi. Isitoshe, unamtwisha mkeo dhima za kampuni kwa sababu ya ndoto yako wewe.

Kuiuza kwa mtu mwingine kabisa kunawezekana, ila kuna sehemu mbili ambapo wauzaji hujidanganya. Ya kwanza ni kuuza kwa malipo ya awamu yanayotoka kwenye faida ya kampuni: ikiwa unalipwa kutokana na faida ya kazi za serikali, bado unazo kazi za serikali. Ya pili ni dhamana. Kwa sheria ya Texas, mkandarasi mkuu wa kazi ya umma inayozidi dola 100,000 huweka dhamana ya utekelezaji, na kampuni za bima zinazotoa dhamana hizo kwa kawaida humtaka mwenye kampuni, mara nyingi pamoja na mke wake, asaini kwamba mali zao binafsi zitafidia hasara. Saini hiyo haifi siku unapouza hisa. Mpaka kampuni ya bima ikuachie kwa maandishi, wewe ni mtu anayeweza kupoteza nyumba kwa sababu ya mkataba wa kaunti, na hayo kwangu ni maslahi.

Ninachokushauri mimi ni kubaki na kampuni na kuachana na kazi za jimbo na kaunti kwa mpangilio. Soko la ujenzi la eneo la Dallas na Fort Worth ni kubwa kiasi kwamba kampuni ya zege yenye sifa nzuri inaweza kuhamia kwenye maghala, nyumba na maegesho ya watu binafsi, lakini si kwa mwezi mmoja. Faida ya kazi za watu binafsi inapishana, wateja huchelewesha malipo, na mashine ulizonunua kwa ajili ya barabara huenda zikakaa bure. Fanya hesabu hiyo na mhasibu kabla ya kufanya hesabu ya kura.

Jambo la pili kwa uzito ni fedha za kampeni, na hapa kampuni yako ni hatari kwa namna nyingine. Texas haina kikomo cha kiasi ambacho mtu binafsi anaweza kumchangia mgombea wa Baraza, jambo linalowashangaza wengi, lakini inakataza kabisa kampuni ya hisa kumchangia mgombea, na kosa hilo ni jinai ambayo adhabu yake inaweza kufika miaka 10 gerezani. Kampuni kuwa yako mwenyewe si utetezi. Kuchangia hakumaanishi hundi peke yake: mafundi wawili waliotumwa saa za kazi kusimika mabango, gari la kampuni lililobeba spika, karani wa ofisi aliyechapa barua za kampeni, mbao za saiti zilizogeuzwa kuwa nguzo za mabango, vyote hivyo ni michango ya kampuni. Mfanyakazi akijitolea jioni kwa hiari yake ni ruhusa. Ila wewe ndiye unayemlipa mshahara, kwa hiyo hiari yake itatiliwa shaka, na ni busara kutomwomba kabisa. Fedha za makampuni zilizozungushwa mwaka 2002 hadi kuwafikia wagombea wa Baraza hilohilo zilimfikisha mahakamani Tom DeLay, aliyekuwa mmoja wa viongozi wakuu wa Republican katika Bunge la Marekani. Mahakama za rufaa zilifuta hatia yake mwaka 2013 na 2014, lakini alikuwa ameondoka bungeni tangu 2006.

Njia halali ni kujilipa mshahara au gawio, ukatozwa kodi, kisha ukatumia fedha hizo kama mtu binafsi na kuzitolea taarifa. Kabla hujapokea wala kutumia hata dola moja ya kampeni, uwe umemteua mweka hazina kwa fomu inayopelekwa Tume ya Maadili ya Texas. Sheria inaruhusu uwe wewe mwenyewe, ingawa mtu anayesimamia saiti tatu hana muda wa kuandika taarifa za Januari 15 na Julai 15, pamoja na zile za siku 30 na siku 8 kabla ya kura. Na michango ya kampeni isirudi kuilipa kampuni yako kwa faida: kisichozidi gharama halisi ndicho kinachoweza kurudishwa, na kodi ya pango la ofisi ya kampuni isilipwe kabisa kwa michango hiyo.

Kwa vile umezaliwa Tanga, niseme wazi jambo ambalo washauri wa hapa hawatafikiria kukuambia. Sisi tumezoea changizo: watu wanakutana ukumbini, bahasha zinapita, mjomba aliye nyumbani anatuma kidogo kwa simu, na mtu mmoja anatoa kwa niaba ya familia nzima. Karibu kila hatua ya utaratibu huo ni kosa katika uchaguzi wa Texas. Fedha taslimu kutoka kwa mchangiaji mmoja hazipaswi kuzidi jumla ya dola 100 katika kipindi kimoja cha taarifa. Kutoa kwa jina la mtu mwingine kumekatazwa. Na sheria ya shirikisho inakataza raia wa kigeni kuchangia uchaguzi wowote wa Marekani, uwe wa rais au wa diwani, kwa hiyo mjomba wa Tanga atabaki kukuombea dua tu. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuchangia, ingawa hawezi kupiga kura. Mwenye viza ya masomo au ya kazi haruhusiwi. Mpe mtu mmoja makini kazi ya kukagua kila mchango unaotoka kwenye kundi la simu la jumuiya.

Ukiwa mgombea, hata kabla ya kushinda, utatangaza pia hali yako ya kifedha: mali, biashara, nafasi za uongozi katika makampuni, na mikataba na taasisi za serikali. Waandishi wa habari na mpinzani wako watazisoma, nao watakuwa na sababu ya kumtazama mkandarasi kwa jicho kali kuliko wengine. Spiro Agnew alijiuzulu umakamu wa rais Oktoba 1973 kwa sababu ya fedha alizopokea kutoka kwa wahandisi na wakandarasi wa Maryland tangu alipokuwa kiongozi wa kaunti na gavana. John Rowland, gavana wa Connecticut, alijiuzulu mwaka 2004 baada ya kufichuka kwamba watu waliokuwa wakipata kandarasi za jimbo walimfanyia kazi kwenye nyumba yake ya mapumziko, kisha akafungwa. Texas yenyewe iliunda mwaka 2003 tume ya ujenzi wa nyumba za makazi iliyowalazimu wenye nyumba mbovu kupita kwake kabla ya kumshtaki mjenzi, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa mwanasheria wa kampuni ya Bob Perry, mjenzi wa Houston aliyekuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa kisiasa nchini. Malalamiko yalizidi, na mwaka 2009 Bunge likaiacha tume hiyo ife. Wapiga kura waliojenga au kununua nyumba miaka ile hawajasahau.

Utaulizwa pia juu ya watu wako. Texas ndilo jimbo linalojulikana kwa kumwachia mwajiri binafsi hiari ya kukata au kutokata bima ya ajali kazini, isipokuwa katika kazi za ujenzi wa umma. Kama mafundi wako wa saiti za watu binafsi hawana bima hiyo, ikate kabla ya kutangaza nia, kwa sababu mtu mmoja aliyevunjika mguu atakuwa tangazo la mpinzani wako. Hakikisha pia fomu za kuthibitisha haki ya kufanya kazi zipo kwa kila mfanyakazi, na kwamba hukuwaandika mafundi wa kudumu kama wakandarasi wa kujitegemea ili kukwepa kodi ya mishahara. Uwe na jibu lako mwenyewe kuhusu sheria ya mwaka 2023 iliyolenga kuizuia miji kujipa kanuni zake za kazi, zikiwamo zile za Austin na Dallas zilizowapa wajenzi dakika 10 za kupumzika na kunywa maji kila baada ya saa nne. Mtu aliyewahi kusimama juu ya zege la Agosti akisema hana maoni, hataaminika.

Kwenye kura za bungeni hali ni nyepesi kuliko unavyohofia. Katiba inamtaka mbunge mwenye maslahi binafsi katika muswada ayatangaze na asipige kura, na sheria ya jimbo inamkataza kupigia kura muswada unaonufaisha moja kwa moja shughuli mahsusi ya biashara anayoidhibiti, lakini inaondoa muswada unaogusa aina nzima ya biashara. Mwaka 2021, kwa mfano, Bunge lilibadilisha sheria ya haki ya mkandarasi kushikilia mali ambayo hajalipwa, na likamwondolea mkandarasi lawama ya makosa yaliyomo katika michoro aliyopewa. Wewe ungeweza kupiga kura zote mbili, na ujuzi wako ungesaidia.

Kuhusu muda, mshahara wa mbunge ni dola 600 kwa mwezi pamoja na posho ya siku za kikao. Kikao cha kawaida huchukua siku 140 kuanzia Januari, katika msimu ambao unapaswa kuwa unatafuta tenda za kiangazi, na gavana anaweza kuita vikao maalumu vya hadi siku 30 kila kimoja. Mwaka 2023 aliita vinne. Toka siku 30 kabla ya kikao hadi siku 20 baada ya kuahirishwa, huruhusiwi kupokea michango. Bila msimamizi anayeweza kukadiria bei na kusaini hundi bila kukupigia simu Austin, makao makuu ya jimbo, kampuni itaanguka muhula wa kwanza. Benki yako na wadhamini wako watauliza jina la mtu huyo, na usiwaambie ni wewe.

Kisiasa, Texas haina usajili wa wapiga kura kwa vyama, na wilaya nyingi zimechorwa kiasi kwamba mshindi wa mchujo wa Machi ndiye mbunge. Asipopatikana aliyezidi nusu, wawili wa juu hurudiana Mei. Kila wilaya ina takriban watu 194,000, lakini wanaojitokeza kwenye mchujo ni sehemu ndogo tu, na ndiyo maana mtu anayejulikana katika kazi yake anaweza kushinda bila jina kubwa. Brian Kemp alikuwa na biashara ya ujenzi Athens, Georgia, alipochaguliwa kuwa seneta wa jimbo mwaka 2002, na baadaye akawa gavana. Arnold Schwarzenegger, mzaliwa wa Austria aliyewahi kuendesha biashara ya uashi Los Angeles, aliongoza California kuanzia 2003. Karibu zaidi na kwetu, Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa Novemba 2024 kuingia Baraza la Wawakilishi la Minnesota.

Ukiona kwamba kazi za kaunti haziachiki, fikiria halmashauri ya mji badala ya Austin. Sheria inayowahusu madiwani wa Texas humtaka mwenye maslahi makubwa katika biashara aandike kiapo cha kuyatangaza na akae kando katika uamuzi huo, lakini haimnyang'anyi mikataba ya jimbo na ya kaunti yake. Kabla ya kuamua lipi kati ya hayo mawili, kaa na mkeo na mhasibu mwandike kila mkataba mlionao, nani anaulipa, kwa fedha za bajeti ipi, unaisha lini na dhamana yake imesainiwa na nani. Wakili wa sheria za uchaguzi atakayeuona ukurasa huo ataweza kukujibu kwa uhakika, na asipouona atakuwa anabahatisha.